Ukimya wa mamdogo sio mkataba

Makamanda, niwaulize: tangu lini kukaa kimya kukawa saini?

Mamdogo wangu anauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwaka jana alipakua programu ya kuhesabia mzigo, imeandikwa "bure". Wakati wa kujisajili wakaomba kadi ya benki, eti ya uhakiki tu. Juzi kakuta amekatwa hela ya mwezi. Kuuliza, anaambiwa: "Ulikubali masharti mapya." Masharti yenyewe yalitumwa kwa Kiingereza, kurasa kibao, na hakubonyeza popote. Kuendelea kutumia ndiko walikokuita kukubali!

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 13, inasema watu wameridhiana pale wanapokubaliana jambo moja kwa maana moja. Mamdogo alielewa bure, kampuni ilielewa bili. Ridhaa iko wapi hapo?

Na msiseme hawabaniki. Septemba 2025 Amazon, bila kukiri kosa, walikubali kulipa dola bilioni 2.5 huko Marekani. Walishtakiwa kwa kuwaingiza watu kwenye huduma ya Prime bila ridhaa na kuwawekea vikwazo vya kujitoa. Bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kuwarudishia wateja.

Sisi tuna TCRA na Tume ya Ushindani. Tudai kanuni nyepesi: huduma ya bure ikianza kulipiwa, mteja aulizwe upya, kwa Kiswahili, abonyeze NDIYO mwenyewe. Asipojibu, ni hapana.

Kariakoo tunapatana bei kwanza, ndipo pochi inafunguliwa. Mtandaoni nako iwe hivyo hivyo.