Simu na Usukani: Je, Sheria Yatosha?



Ni nani kati yetu asafiriye kwa matatu ambaye hajapata kuketi nyuma ya dereva aliyeshika usukani kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili? Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa mwendoni. Waamini huuliza, na wana haki ya kuuliza: je, sheria ya namna hii huokoa maisha ya mtu, au ni karatasi nyingine tu iliyotiwa sahihi Nairobi?

Swali hilo si dogo. Tangu mwaka 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao lilikuwa la watembea kwa miguu. Yaani asiye na gari, na pengine asiye na nauli, ndiye alipaye gharama ya mazungumzo ya mwenye usukani.

Kwamba simu ni hatari, hilo halina ubishi. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Kanada, walitoa matokeo ya uchunguzi wa madereva 699 waliopata ajali, wakiwa wamelinganisha wakati wa ajali na hesabu za simu zao. Walikuta kwamba hatari ya kugongana huongezeka mara nne hivi dereva anapotumia simu. Tena hawakuona kwamba waliotumia simu isiyoshikwa mkononi walikuwa salama kuliko wenzao. Macho yaweza kuwa barabarani huku akili iko kwenye deni, kwenye ugomvi wa shamba, au kwa mgonjwa aliyeachwa nyumbani. Sheria nyingi hukataza mkono, wala haziigusi akili.

Na hata mkono wenyewe hurudia desturi yake upesi. Jimbo la New York lilikuwa la kwanza Marekani kuwakataza madereva wote kushika simu, mwaka 2001. Kabla ya sheria hiyo, waliohesabu magari walikuta asilimia 2.3 ya madereva wakiwa na simu mkononi. Miezi michache baadaye wakawa asilimia 1.1. Mwaka mmoja hivi ulipopita, wakawa wamerudi kwenye asilimia 2.1. Hadithi hii si ngeni kwetu. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, mikanda ilifungwa na abiria wakahesabiwa. Kila msafiri ajua mikanda ile iliishia wapi: chini ya viti, imejaa vumbi, na hufungwa tu kizuizi cha polisi kikionekana mbele.

Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba sheria haifai kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya majimbo ya Marekani yaliyokataza kuandika ujumbe wa simu garini ulionyesha tofauti ya kufikirisha. Mahali ambapo polisi aliweza kumsimamisha dereva kwa kosa hilo peke yake, vifo vilipungua kwa asilimia 3. Mahali ambapo polisi alipaswa kwanza kumkuta na kosa jingine, hakukuonekana nafuu ya maana. Asilimia 3 ni kidogo kwa mwenye kuhesabu. Kwa mjane ambaye angekuwa bado na mumewe si kidogo. Lakini nafuu hiyo ilitoka kwa sheria iliyokuwa na meno. Kwetu, meno hayo hung'olewa na noti iliyokunjwa kiganjani, na faini ya shilingi 2,000 hugeuka kuwa bei ya kupatana.

Ni afadhali, basi, tutazame jambo lililofanyika hapa hapa nyumbani. Mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika vibandiko ndani ya matatu za safari ndefu, vya kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha ovyo. Dereva aliyevitunza aliingizwa katika bahati nasibu. Katika magari hayo, madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Hakuna askari aliyeongezwa wala sheria mpya iliyotungwa. Abiria walipewa ruhusa ya kufanya jambo ambalo adabu yetu, au tuseme woga wetu, huwazuia kulifanya.

Kuna mtu mmoja ambaye sheria haimwoni kabisa, naye ni yule anayepiga simu. Mara nyingi ni mwenye gari anayeuliza makusanyo yamefika ngapi, au msimamizi wa chama cha matatu anayemharakisha dereva awahi zamu. Dereva asipopokea, kesho huenda gari likapewa mwingine. Faini humwangukia yeye peke yake. (Wanaompigia padre akiwa njiani kwenda kigangoni nao wajihesabu humo.)

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanaweza kuwaendea wenye matatu zinazopita mlangoni mwa kanisa, wawaulize ni nani humpigia dereva simu akiwa barabarani, na ni jambo gani hilo lisiloweza kungoja hadi kituoni.