Kamera ya Joto na Haja ya Istilahi Sahihi

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, teknolojia imeleta jicho lisilohitaji mwanga, nalo bado halijapata jina thabiti katika Kiswahili.

Mnamo Novemba 2016, shirika la WWF lilitangaza kuwa kamera za joto zilizoanza kutumika Maasai Mara mwezi Machi mwaka huo zilikuwa zimesaidia kukamatwa kwa majangili zaidi ya 24. Mara haiko mbali na Kegonga, Kuria Mashariki, ambako wizi wa mifugo umewasumbua wafugaji kwa miaka mingi. Haitakuwa ajabu kifaa hicho kikipendekezwa huko pia.

Wengi hukiita "kamera ya usiku". Jina hili linapotosha. Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho wa infraredi, usioonekana kwa macho. Katika kamera isiyopozwa, mnururisho huo hupasha joto vihisi vidogo mno. Ukinzani wa umeme wa kila kihisi hubadilika, na mabadiliko hayo hugeuzwa kuwa picha. Hivyo basi, kinachopimwa ni tofauti za joto, uwe usiku au mchana.

Suala hili si la wanafizikia pekee. Kwa mbali, picha ya joto huonyesha umbo la mtu; haionyeshi sura yake wala nia yake. Mfugaji wa Kegonga anayewafuata ng'ombe wake gizani na mwizi aliyewaswaga huonekana sawasawa. Mshtakiwa akiambiwa kwamba "kamera ya usiku ilikuona", atadhani ametambuliwa. Akiambiwa kwamba "kamera ya joto ilionyesha umbo la mtu", atajua la kuuliza.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Aidha, TUKI ilikwisha kuchapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Msingi upo. Kilichobaki ni wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kusanifisha istilahi kama "kamera ya joto" na "kihisi-joto kisichopozwa", kisha kuzifikisha kwenye mabaraza ya machifu na mahakamani, zisiishie kamusini.

La sivyo, mwenye macho atalazimika kuambiwa atazame nini, na atakayemwambia ni mwenye mashine.