Mapato ya matangazo ya tovuti: hesabu ipi ndiyo ya kweli?

Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya wazalishaji wa maudhui ya kidijitali walio wakazi wa Tanzania. Kwa anayelipwa na kampuni ya hapa nchini jambo ni jepesi: mlipaji hukata kodi, huiwasilisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na mzalishaji hupokea salio. Ugumu unamkabili mwenye tovuti ambaye matangazo yake huletwa na Google AdSense. Mlipaji wake yuko ng'ambo, na mkazi hutozwa kodi kwa mapato ya ndani na ya nje. Huyo hana budi kujihesabia mwenyewe. Ahesabu nini?

Tuchukue mfano wa kubuni. Kwa mwezi mmoja tovuti imefunguliwa kurasa 200,000, kila ukurasa ukiwa na matangazo matatu, na mwenye tovuti ameingiza dola 140. Kwa kila kurasa 1,000 amepata senti 70 za dola. Lakini matangazo yameonekana mara 600,000, hivyo kwa kila mionekano 1,000 ya tangazo amepata senti 23 tu. Watangazaji kwa upande wao wametoa takriban dola 206, kwa kuwa fungu la mwenye tovuti katika AdSense ni wastani wa asilimia 68. Takwimu zote hizi ni sahihi. Kosa huja pale zinapochanganywa. Anayechukua bei ya mtangazaji na kuizidisha kwa idadi ya wasomaji hupata utajiri wa kwenye karatasi, na kwa bahati mbaya hesabu za namna hiyo ndizo husambaa zaidi vijiweni.

Hata dola 140 si za kuaminiwa mapema. Kiasi kinachooneshwa siku hadi siku ni makadirio. Mwezi unapofungwa, mibofyo isiyo halali huondolewa, iwe imetokana na programu zinazojifanya wasomaji au na mwenye tovuti mwenyewe kubofya matangazo yake. Makato hayo hufanywa na kampuni ileile inayouza tangazo, inayohesabu mionekano na inayolipa. Mwenye tovuti hana daftari la pili la kulinganishia, isipokuwa kumbukumbu za tovuti yake, nazo huhesabu kurasa, hazihesabu fedha. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa, na sheria ya kodi haiugusi.

Kwa hiyo nyaraka za kutegemea ni taarifa ya mwisho ya mwezi pamoja na ya benki. Zote mbili zihifadhiwe, kwani malipo hufika mwezi unaofuata na thamani ya shilingi huenda imebadilika.

Liko pia suala la kiwango cha chini. AdSense hailipi hadi salio lifikie dola 100, na tovuti ndogo huweza kumaliza miezi kadhaa bila kupokea chochote. Mtu binafsi anayeendesha hesabu zake kwa misingi ya fedha taslimu atayaandika mapato hayo siku yatakapolipwa. Kampuni, ambayo sheria inaitaka ihesabu mapato mara haki ya kulipwa inapopatikana, haina nafuu hiyo: mwaka wa hesabu unapofungwa salio likiwa dola 90, mhasibu wake atapaswa kulitazama salio hilo kabla ya kujaza ritani.