Vyura Nao Wana Hoja

Methali isemayo kwamba kelele za vyura hazimzuii ng'ombe kunywa maji hutungiwa insha kila mwaka katika shule zetu, na wanasiasa huipenda mno wanapotaka kuwabeza wakosoaji wao. Nimesoma insha nyingi za aina hiyo. Sikumbuki hata moja iliyouliza vyura wanalalamikia nini. Yaelekea mtunzi alikuwa mwenye ng'ombe.

Chura hunywa maji kwa ngozi, na kwa ngozi iyo hiyo huvuta sehemu ya hewa yake. Mayai yake hayana gamba. Samadi na mkojo wa mifugo vinapozidi kidimbwini, amonia humdhuru yeye kwanza, nayo hewa iliyomo majini hupungua hata viluwiluwi wakafa. Kwato huponda mayai na kubomoa kingo. Nyasi zikiliwa hadi mizizini, chura hukosa pa kujisitiri. Huko milimani baridi huchelewesha ukuaji wa viluwiluwi, kwa hivyo wao hukaa katika hatari hiyo kwa muda mrefu zaidi. Jambo hili si la mbali: Kinangop, nyumbani kwa ng'ombe wengi wa maziwa, imempa chura mmoja mdogo jina lake la kisayansi tangu 1924.

Hata hivyo, siungi mkono wanaotaka ng'ombe afukuzwe milimani. Katika milima ya Sierra Nevada, Marekani, watafiti walizungushia ua malisho yenye chura wa Yosemite kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa 2013 hayakuonyesha kwamba ua huo ulimfaidi chura. Kilichokuwa na uzito zaidi ni wingi wa maji. Tena kidimbwi kisicholishwa kabisa pengine husongwa na magugu. Ubaya basi umo katika idadi ya mifugo na majira wanayoletwa.

Kwa maoni yangu, wafugaji wasaidiwe kuzungushia ua sehemu tu ya kidimbwi, hasa wakati wa masika vyura wanapotaga, na maji yapitishwe kwa bomba hadi kwenye birika la kunyweshea lililo kando. Ng'ombe mwenyewe atanufaika, maana ni katika tope la kingoni ambamo konokono hueneza minyoo ya ini, na ndimo kwato huanza kuoza. Serikali za kaunti zina maafisa wa mifugo na maafisa wa mazingira, na kidimbwi ni kimoja. Wangeanza kwa kukizuru pamoja, kabla ya mvua kunyesha.