Mwambieni Mchungaji Kwamba Yusufu Alikuwa Mahabusu

Mwezi uliopita nilikaa chini ya turubai kwenye msiba wa jirani yetu, mama muuza vitumbua aliyelisha nusu ya watoto wa mtaa huu kabla hawajaenda shule. Mwanawe mkubwa hakuwapo. Yuko mahabusu, mwaka wa tatu sasa, kwa kesi ya mauaji. Mchungaji alipofika mahali pa kutaja watoto wa marehemu akashusha sauti, akasema tumwombee kijana huyo apate kutubu, maana Serikali haiwezi kumweka mtu ndani miaka yote hiyo bure. Watu wakaitikia amina. Mzee aliyekaa kulia kwangu akaongezea, kwa utulivu wa mtu aliyeshiba pilau, kwamba lisemwalo lipo.

Atubu nini?

Kwa faida ya mchungaji, nieleze kilichompeleka kijana ndani. Kijana ni dereva wa bodaboda. Siku ya tukio kundi la watu lilimkamata mtu aliyedaiwa kuiba, likampiga mpaka akafa, hatua chache kutoka kijiweni kwake. Polisi walipofika, waliopiga walikwisha kutawanyika. Waliobaki ni wale waliokuwa na pikipiki za kulinda. Wakasombwa watano. Ndiyo kesi yenyewe hiyo. Yule aliyedaiwa kuiba aliuawa na watu walioamini kwamba mtu haitiwi mwizi bure, na sasa kijana anaozea ndani huku mtaa uleule ukiamini kwamba mtu hakamatwi bure.

Kila baada ya wiki mbili karandinga humleta mahakamani. Kesi inatajwa. Mwendesha mashitaka anasimama: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Hakimu anaahirisha. Kwa kuwa kesi ya mauaji ni ya Mahakama Kuu, tangu siku ya kwanza aliambiwa hatakiwi kujibu chochote, mahakama iliyo mbele yake haina mamlaka. Mara 26 kwa mwaka anapandishwa kizimbani, na katika mara zote hizo hajapata nafasi ya kutamka maneno mawili: si mimi. Mama yake alikuwa akienda na kitenge kilekile, anakaa benchi la nyuma dakika nne, anarudi kuloweka mchele wa kesho. Tumemzika siku tano kabla ya tarehe nyingine.

Mimi naona mtu kukaa mahabusu muda mrefu kunathibitisha jambo moja tu, kwamba ushahidi hakuna. Ungekuwepo wangeshamfunga. Upelelezi gani huu wa miaka mitatu? Hata nyumba ya kanisa la mchungaji, inayojengwa kwa bahasha za harambee, imefika linta.

Na hapa ndipo ninapotaka tubanane. Katika nchi hii anayekiri hupewa tarehe ya kutoka. Anayekana hupewa tarehe ya kutajwa. Septemba 2019 Rais Magufuli aliwafungulia mlango watuhumiwa wa uhujumu uchumi: kirini, rudisheni fedha, mwende nyumbani. Siku zilipokwisha, Mkurugenzi wa Mashitaka alitangaza kwamba watu 467 wameandika barua, fedha zikiwa zaidi ya shilingi bilioni 107. Watu walishangilia kwamba mafisadi wamejileta wenyewe. Mimi nilikuwa na swali dogo: kati ya hao, wangapi walikuwa wezi, na wangapi walikuwa wamechoka tu kulala mzungu wa nne, miguu ya mtu mwingine usoni? Kosa la kutakatisha fedha lilikuwa halina dhamana. Mpe mtu yeyote miaka miwili ya sakafu ile, kisha mwonyeshe kalamu. Atakiri hata kuiba mwezi.

Mnataka mfano wenye majina? Harbinder Sethi na James Rugemalira walikamatwa pamoja Juni 2017, kesi ya fedha za akaunti ya Escrow. Sethi akaingia makubaliano na Mkurugenzi wa Mashitaka, akatiwa hatiani, akakubali kulipa mabilioni, akatoka Juni 2021. Rugemalira hakukiri. Akabaki mpaka Septemba mwaka huohuo, ndipo mashitaka dhidi yake yakaondolewa. Aliyetiwa hatiani alitangulia nyumbani miezi mitatu. Aliyefutiwa kesi alikuwa bado anahesabiwa asubuhi na jioni. Sina ugomvi wala urafiki na yeyote kati yao. Nawahesabia miezi tu.

Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar walisota zaidi ya miaka sita kwa mashitaka ya ugaidi, na Juni 2021 nao wakaondolewa mashitaka. Hakuna hukumu iliyosomwa. Sasa wale waliosema "lisemwalo lipo" miaka yote hiyo wako wapi, watuoneshe hilo lililokuwapo?

Halafu huja Desemba 9, Rais anatoa msamaha. Mwaka 2017 walisamehewa 8,157, mwaka 2019 wakasamehewa 5,533. Jambo jema, naliunga mkono. Lakini msamaha ni wa wafungwa. Mahabusu haumhusu, kwa sababu hajakosa, na asiyekosa hasamehewi. Kwa hiyo mwizi wa ng'ombe anafunga virago anaagwa kwa nyimbo, na kijana wetu wa bodaboda anabaki kumwangalia dirishani. Angekuwa na bahati ya kuiba!

Nikisema hivi watu hunijibu kwamba mahabusu wakipewa dhamana watakimbia. Watakimbilia wapi, jamani? Dereva wa pikipiki ya mkataba, ambaye hata nauli ya Chalinze anakopa, atatorokea Uswisi? Jirani zetu Wakenya waliandika kwenye Katiba yao ya 2010 kwamba mshitakiwa yeyote, hata wa mauaji, ana haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Nairobi bado ipo. Nilipita juzi.

Wengine husema kule ndani wanakula bure kwa kodi zetu. Hapo nakubaliana nao kabisa, ila wao hawajajua wanachokisema. Magereza yetu yamejengwa kupokea watu wasiofika 30,000, na karibu nusu ya waliomo ni watu ambao hakuna mahakama iliyosema wamekosa. Ukiwa na uchungu na kodi yako, kamwulize mpelelezi, usimwulize mahabusu. Na wale wanaosimama kudai magereza mapya yajengwe, wananikumbusha mtu ambaye bomba limepasuka sebuleni, naye anakimbilia dukani kununua ndoo.

Sheria yenyewe tumeizungukia vya kutosha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachofunga mlango wa dhamana kwa makosa kadhaa, kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Mwaka 2022 yakaja marekebisho kwamba kesi isifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Tukapiga makofi, kisha tukasoma vizuri: isipokuwa makosa makubwa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu. Yaani kidonda kikafungwa bandeji pembeni. Tume ya haki jinai ya Jaji Chande ikazunguka nchi, ikakabidhi ripoti Julai 2023. Kijana wetu hakuisoma. Kule aliko magazeti ni ya kuomba.

Na magazeti nayo, nikiyataja, nijiseme mwenyewe. Sisi waandishi ndio tuliowafundisha watu imani hii. Mtu akikamatwa tunampa ukurasa wa kwanza, picha kubwa, "Mbaroni!" kwa wino mwekundu. Akiachiwa baada ya miaka minne tunampa aya mbili chini ya tangazo la viwanja. Mhariri wangu mmoja wa zamani alikuwa akisema habari ya kuachiwa haiuzi. Ni kweli haiuzi. Wala hata ofisi ya serikali ya mtaa haiinunui: yule anayetoka na karatasi ya kufutiwa kesi, akienda kuomba barua ya utambulisho, anaambiwa arudi wiki ijayo, na akirudi anaombwa elfu tano ya "mchango wa ofisi".

Baada ya mazishi nilimfuata mchungaji kwenye gari lake.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba."

Nikamwuliza, kwa adabu zote nilizofundishwa, Yusufu aliwekwa gerezani Misri kwa kosa gani. Akacheka kidogo, akasema kwa kusingiziwa na mke wa Potifa. Nikamwuliza alipaswa kutubu nini. Akasema, ah, mwanangu, Yusufu ni habari nyingine. Nikamwuliza kuhusu Paulo, ambaye liwali Feliksi alimweka kifungoni miaka miwili bila kumhukumu, huku akitumaini kupewa fedha. Matendo ya Mitume imeandika wazi, sura ya 24. Nikamwambia hiyo ndiyo kesi ya kwanza ninayoijua ambayo upelelezi haukukamilika mpaka hakimu akahamishwa.

Akaniambia ataniombea mimi pia. Akapandisha kioo, gari likaondoka.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda mahakamani badala ya marehemu. Nilikaa benchi lake la nyuma. Kijana aligeuka akatafuta kitenge, akaniona mimi, akaelewa kwamba mazishi yalikwisha. Upelelezi haujakamilika. Ilichukua dakika tatu.