Mwenyekiti Anapougua

Ndugu msomaji mmoja wa Bunju ameniuliza swali lililonikalisha kitako jioni nzima. Anasema chama chao cha kujitolea, ambacho husafisha ufuko na kuwazuru wagonjwa, kina wanachama 22, lakini kila kazi humrudia yeye mwenyekiti. Mikutano huiitisha yeye, kumbukumbu huziandika yeye, hata sukari ya chai huinunua yeye. Ataka kujua afanyeje ili wenzake nao wapate moyo wa kuongoza.

Kabla sijamjibu sina budi kukiri kwamba maradhi hayo niliwahi kuyaugua mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwenyekiti wa chama kidogo cha kupanda mikoko katika kijiji kimoja cha pwani, upande wa Bagamoyo. Muhuri ulikaa mfukoni mwangu, daftari la fedha sandukuni mwangu, na siku za kupanda nilizipanga mimi peke yangu. Watu walinisifu kwa bidii, nami, Mungu anisamehe, nikazipenda sifa hizo. Kisha nikashikwa na homa iliyonilaza miezi miwili. Niliporudi nilikuta mbegu za mkoko, zilizookotwa na akina mama kwa siku nyingi, zimekaukia ndani ya magunia. Nilighadhibika, nikawaita wavivu. Mama mmoja muuza samaki, mtu mzima aniyezidi umri, akanijibu kwa upole: “Mwanangu, maji ya bamvua sote twayajua, tumezaliwa nayo. Ruhusa ndiyo hatukuwa nayo.”

Sikuwa na la kujibu.

Jambo la kusikitisha ni kuwa watu wa pwani si wageni wa kazi hii ya kulea viongozi. Tangu miaka ya 1890 ngoma ya beni ilitoka Lamu na Mombasa ikaenea mwambao mzima hadi Tanganyika, na vyama vyake viwili mashuhuri, Marini na Arinoti, vilikuwa na ngazi ndefu za vyeo: mfalme, jenerali, hata daktari. Wako waliocheka magwaride yale ya kuigiza majeshi ya Wazungu. Lakini nyuma ya magwaride kulikuwa na michango ya kukusanywa, wageni wa kupokewa na maiti wa kuzikwa. Mtu aliyeshinda akiamrishwa kazini mchana kutwa, jioni alikuwa na watu wa kuwatuma na hesabu ya kuitoa mbele ya wenzake. Hiyo ilikuwa shule, ingawa haikuwa na ubao.

Marehemu Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alitoka katika shule ya namna hiyo. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya akina mama wa mjini. Hao walikuwa wamekwisha zoea kuita mkutano, kukusanya ada na kupatanisha waliogombana. Wengi wetu hukumbuka sauti ya Bibi Titi jukwaani. Ni wachache wanaowakumbuka wale viongozi wa ngoma waliokwenda nyumba kwa nyumba kuwaleta watu mbele ya jukwaa hilo.

Vyama vya huduma vilivyotoka ng’ambo navyo vina la kutufundisha. Rotary, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905 na kufika Dar es Salaam mwaka 1949, hubadili rais wa kila klabu kila mwaka ifikapo Julai 1, na yule ajaye huteuliwa mapema ili ajifunze kabla ya kukalia kiti. Jirani yetu wa Uganda, Sam Owori, aliyeanzia klabu ya Kampala, alipanda hadi akachaguliwa kuiongoza Rotary ya dunia nzima kwa mwaka 2018-19. Alifariki Julai 2017 kabla ya kuushika wadhifa huo. Hata hivyo, kwa maoni yangu mwaka mmoja ni mfupi mno kwa vyama vyetu. Kisima chaweza kupata wenyeviti watatu kabla hakijatoa maji. Miaka miwili ingefaa zaidi, mradi naibu awe na kazi ya kweli, si ya kupiga makofi.

Kwa hiyo, ndugu wa Bunju, usianze kwa semina. Anza kwa kutoa muhuri mfukoni. Mpe katibu. Mweka hazina na asome hesabu kwa sauti kila mkutano, ili hata asiyejua kusoma aweze kuuliza shilingi imekwenda wapi. Kiti cha mkutano kizunguke. Na kwa kuwa katika baraza zetu akina mama aghalabu huketi nyuma wakanyamaza, waulize wao kwanza, kabla wanaume hawajaumaliza mjadala.

Utaumia, nakuonya. Siku binti mmoja wa chama chetu alipoongoza mkutano kwa mara ya kwanza, tulianza saa kumi alasiri na adhana ya magharibi ikatukuta tungali katika jambo la pili. Nilijiuma midomo. Kijana mwingine alinunua makoleo bila stakabadhi, na wanachama wenyewe wakamweka kitako mpaka akarudi dukani kuifuata. Mimi ningemlipia kimya kimya ili kuepusha aibu, na hapo ndipo ningemharibu.

Yule mama muuza samaki tulimchagua kuwa mwenyekiti baada ya ubishi mkali. Wako waliosema hajui kuandika. Alijibu kwamba katibu ndiye achaguliwe kwa kuandika, wakacheka, wakanyoosha mikono. Juzi alimtuma mjukuu wake kwangu usiku: maji yanakupwa alfajiri, nije na gunia langu, na nisichelewe. Hakuniuliza kama nina nafasi. Nikaenda.