Konda, umemrudishia papa mteja wake

BARAZANI, na Bint Mwinyi

Jumanne asubuhi nilipanda daladala Mbagala Rangi Tatu, naelekea Temeke. Redio ilikuwa juu, wanasoma magazeti, na walipofika kwenye habari ya unga uliokamatwa gari zima likachangamka. Mama mwenye ndoo ya samaki akasema wanyongwe hadharani. Mzee wa kanzu akasema tatizo letu wanakamatwa dagaa, mapapa wanaachwa. Aliyepaza sauti kuliko wote ni konda: angepewa yeye bunduki, unga ungeisha Dar es Salaam ndani ya wiki moja.

Tukafika Mtongani. Kituoni amesimama kijana wa kama miaka thelathini, amekonda, shati limepigwa pasi, nauli kamili mkononi. Sarafu alikuwa amezinyoosha mbele kabla hajaulizwa, na anayenyoosha nauli namna ile ni mtu aliyezoea kukataliwa. Akaweka mguu kwenye ngazi. Konda akamsukuma kifuani kwa kiganja. "Teja, shuka. Utaniibia abiria." Kijana akajibu kwa adabu: "Kaka, nauli ninayo. Nawahi dozi hospitali." Konda akagonga bodi mara mbili, gari likaondoka. Watu wakacheka. Mzee wa kanzu, yule yule wa mapapa, akasema, "Hapo umefanya la maana."

Nilisimama garini nikawaambia, na leo narudia kwa maandishi: papa wa unga asubuhi ile alikuwa na mfanyakazi mlangoni na washangiliaji kwenye siti, na hakumlipa hata mmoja mshahara.

Dozi aliyokuwa anaiwahi yule kijana ni methadoni, dawa ya kumwachisha mtu heroini. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke. Kwa kawaida inanywewa kwenye kikombe kidogo, mbele ya mhudumu, kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zimo. Heroini inamwishia mtu mwilini ndani ya saa chache, arosto inaingia: kamasi, jasho la baridi, mifupa inauma kama imepigwa nyundo, tumbo linafunguka. Ndiyo maana anatafuta kete asubuhi, mchana na usiku, na ndiyo maana anaiba kioo cha gari lako. Methadoni inamtuliza kutwa nzima. Akiikosa leo, kesho arosto imeshamkalia, na dawa ya arosto iliyo karibu kuliko zote inauzwa kijiweni.

Halafu hilo neno tunalowatupia. Teja limetokana na mteja. Mitaa yetu iliisema biashara yote kwa silabi mbili, sisi tukaligeuza tusi tukasahau maana. Kete tatu kwa siku ni kete 1,095 kwa mwaka. Kijana mmoja akishika dozi yake bila kukosa, kete 1,095 zimekosa mnunuzi. Zidisha kwa vijana wa mtaa wako, halafu uniambie ni askari gani anayemtia papa hasara ya namna hiyo kila mwaka bila kufyatua risasi.

Mapapa wakamatwe, sijasema wasikamatwe. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kilo 3,182 za heroini na methamfetamini zilizonaswa Dar es Salaam na Iringa. Niliwapongeza hapa hapa na sirudi nyuma. Lakini tazama jirani zetu. Mwishoni mwa 2010 unga uliadimika pwani ya Kenya, vijana wakagaragara kwa arosto Mombasa na Malindi. Methadoni Kenya ilikuwa bado, ilianza mwisho wa 2014. Wateja walibaki wanasubiri, na unga ukarudi. Aprili 2014 manowari ya Australia ikanasa jahazi lenye kilo 1,032 za heroini nje ya Mombasa. Mwaka 2019 papa wao, Baktash Akasha, akafungwa miaka 25 kule New York. Papa akiondoka, mwingine anaingia maji yale yale, kwa sababu chakula bado kipo. Jahazi linatoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, kuja huku kwa kuwa huku kuna mkono unaopokea.

Basi, mle garini nikapiga kelele, "Konda, shusha!" Nikashuka kituo kilichofuata nikarudi kwa miguu, jua limeshachoma. Kijana bado alikuwa pale, amechuchumaa kwenye kivuli cha kibanda cha vocha, sarafu bado mkononi. Nikamuuliza magari mangapi yamemkataa. Akasema hilo la tatu. Nikamuuliza sasa anafanyaje. Hakuinua uso. "Mama, mtu ambaye hajawahi kunikataa ni pusha. Hata sina hela, ananikopesha."

Tukachukua bajaji. Njiani hakusema kitu, magoti yanacheza, kamasi zimeanza, anajifuta kwa mkono wa lile shati lililopigwa pasi. Nani alilipiga pasi sikumuuliza, ila kuna mtu nyumbani aliamka mapema kwa ajili ya safari hii. Tulifika dirishani wamebaki watu wanne. Akatoa kadi, akaitwa, akapewa kikombe, akanywa mara moja, akaongezewa maji kidogo akanywa na hayo. Mhudumu akamwambia aseme neno aonekane amemeza. Akasema, "Asante, dada." Kisha akaja kunirudishia nauli ya bajaji kwa zile sarafu zake. Nikamwambia aziweke, kesho nayo ina dozi.

Namba za ile daladala nimezishika kichwani. Konda, Jumatatu saa moja na nusu nitakuwa Mtongani, nimesimama na yule kijana. Nauli zetu tutazinyoosha wote wawili.